Makao makuu tuliambiwa 1973, tukaamini 2016. Kipi kingine tunakijua leo lakini hatukiamini?

Mtoa mada

Mbukwenyi wakuu. Heshima kwenu wote, na shikamoo kwa mnaostahili.

Ukikaa kijiwe chochote hapa Dodoma, iwe sokoni Majengo au nje ya geti la Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mazungumzo yakifika kwenye viwanja lazima atokee mtu aseme "laiti tungejua". Nimelisikia kwa bodaboda, kwa walimu wastaafu, kwa akina mama wa zabibu kule Mpunguzi. Neno hilo linaniuma, maana halisemi kweli. Tulijua. Tulijua mapema kuliko watu wa mkoa mwingine wowote.

TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua Oktoba 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huohuo ikaanzishwa CDA, mamlaka ya kuustawisha makao makuu, kuujenga mji, na hesabu ilikuwa kazi iishe ndani ya miaka 10. Haikuwa siri ya vikao. Ilitangazwa redioni, ikafundishwa shuleni, watoto wakakariri kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma. Bunge likaja. UDOM ikafunguliwa 2007. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasimama hapahapa Dodoma kwenye mkutano mkuu wa CCM, akasema serikali inahamia. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia. Tarehe 15 Mei 2017 CDA ikavunjwa, 26 Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, ya 2022 ikahesabu 765,179. Tangu 2024 mtu anapanda treni ya SGR, ile reli ya kisasa, Dar asubuhi, mchana anakula mlenda Dodoma.

Kati ya tangazo na kuhama kwenyewe ni miaka 43. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa na wajukuu au anakaribia kuwa nao.

Sasa nataka kuwatetea wazee waliouza, kwa sababu vijana wengi wanawasema vibaya na mimi sikubali.

Kwanza, ile habari ilirudiwa mno bila kuwa na alama yoyote ardhini. Bunge la bajeti likianza, nyumba za wageni zinajaa, kodi inapanda, nyama inaadimika. Likiahirishwa, magari yanaelekea Morogoro kwa msururu na mji unabaki na wenyewe. Mtu akiona hivyo mwaka baada ya mwaka, masikio yake yanasikia "makao makuu" lakini macho yanamwambia kitu kingine. Mkulima anaamini macho.

Pili, ardhi ndani ya eneo la makao makuu ilikuwa na mashaka yake. CDA ilikuwa ikitoa umiliki wa miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi mtu aliweza kupata hadi 99. Shamba la babu lilikuwa mali na wasiwasi kwa wakati mmoja: hujui lini bikoni, zile alama za mipaka za wapimaji, zitapita katikati ya mtama wako. Kwa mwenye hofu hiyo, mnunuzi mwenye fedha mkononi ni nafuu.

Tatu, njaa. Hapa naomba niende polepole.

Kuna karatasi ya mauziano nilionyeshwa na familia moja upande wa Ihumwa. Imechanwa kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vidogovidogo. Wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa zamani, herufi zimelala upande mmoja. Mipaka imeandikwa hivi: mashariki mbuyu, magharibi korongo, kaskazini shamba la shemeji. Mashahidi wanne. Muuzaji hakujua kuandika, kuna dole gumba, na wino ulimwagika kidogo pembeni. Mstari wa mwisho unasema fedha zimepokelewa zote kwa ajili ya chakula na ada ya shule. Mwaka ni 2006.

Wanaokumbuka ukame wa 2005 na 2006 hawahitaji maelezo. Mama yule aliuza ekari ili wanawe wale na wasome. Wanawe wapo hai, mmoja ni muuguzi. Leo wajukuu wanapiga hesabu ya bei ya sasa kwa mita ya mraba halafu wanasema bibi alitupotezea utajiri. Bibi alikuwa na mahitaji ya wiki ile, na wiki ile ingemshinda bila ile fedha.

Ninachokiona mimi ni hiki. Jambo kubwa linaweza kukaa mbele ya watu miaka mingi, wote wanalijua kwa jina, lakini kwa sababu halijagusa chakula wala mfuko, linabaki maneno. Likija kugusa, nafasi ya kufanya kitu imeshapita. Kwa hiyo kuongeza matangazo hakutoshi. Tujiulize ni lipi leo tunalijua wote kwa jina, linatangazwa, tumelizoea, na halijaacha alama. Mimi nina langu, nitarudi nalo. Kwanza naomba michango yenu.

Mwana Hombolo

Mtoa mada umeandika vizuri ila kuna kitu umekiruka. Ni rahisi kutazama nyuma ukiwa 2016 umeshapita. Kuna watu walioamini! Nina baba mkubwa aliyeamini tangu mwanzo. Akakataa kuuza, akakataa hata kulima zabibu zile za muda mrefu kwa sababu "eneo litachukuliwa". Akasubiri miaka ya 80, miaka ya 90. Alifariki kabla ya UDOM haijajengwa. Kuamini mapema hakukumpa chochote, wakati jirani yake aliyeuza alinunua ng'ombe, ng'ombe wakazaa, akajenga.

Tunawakumbuka waliouza mwishomwisho kwa sababu hao ndio walio hai na wanalalamika. Waliosubiri wakafa wakisubiri hawana wa kuwasemea. Ungewauliza watu wa 1985 kama serikali itahama, wenye akili wengi wangekwambia hapana, na kwa walichokuwa wanakiona wakati ule walikuwa sahihi.

Mtoa mada

Mwana Hombolo, pole kwa baba mkubwa, na hoja yako naichukua. Ni kweli, ukishajua mwisho wa jambo, kila dalili ya nyuma inaonekana ilikuwa wazi. Haikuwa wazi. Ndiyo maana nawatetea wazee. Mimi siulizi nani angetajirika. Kiwanja ni mfano tu unaoeleweka haraka. Nauliza mambo ambayo ukichelewa hakuna jirani mwenye ng'ombe wa kukuokoa.

Mzee wa Kongwa

Mbukwa wanangu. Mimi ni wa Kongwa, umri umekwenda, naandikiwa na mjukuu.

Mnaongelea 1973, mimi nawarudisha nyuma zaidi. Kongwa ndipo Waingereza walipokuja na ule mpango wa karanga. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe kutoka Uingereza kuangalia ardhi. Wakazunguka wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba zinawezekana ekari zaidi ya milioni 3 Tanganyika na nchi za jirani. Wakapewa bajeti ya pauni milioni 25. Kazi ikaanza 1947 hapahapa Kongwa, reli ikavutwa, matrekta yakaja, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Januari 1951 ukafutwa. Pauni milioni 36 zilikwenda na karanga hazikuonekana.

Baba yangu alikuwa kibarua wa kung'oa vichaka. Alikuwa akitueleza habari ya udongo. Masika udongo ule unakubali jembe, unadhani umepata shamba. Jua likirudi unakaza kama saruji, na karanga iko ndani. Kuivuna huwezi. Na mchanga wake una chembe ngumu zinazokula chuma, majembe ya trekta yalikuwa yanaisha makali upesi. Halafu mvua yenyewe ya Ugogo mnaijua. Inakuja Desemba, inakatika ikitaka, mwaka mwingine inaruka mwezi mzima.

Sikilizeni sasa. Karanga zinaota Dodoma. Mnazila kila siku. Lakini Mgogo hapandi karanga popote. Kaya moja ina kipande cha kichanga huku na kipande cha mfinyanzi kule, karanga zinakwenda kwenye kichanga, mtama na uwele vinakwenda panapostahimili. Ukikosa hapa unapata pale. Jambo hilo lilikuwa linajulikana na mama yeyote mwenye jembe la mkono. Waliokuja walijifunza baada ya hela kuisha, na walijifunza kwa kusoma hesabu zao, hawakujifunza kwa kuuliza.

Mtoa mada amesema habari ilikuwepo bila alama. Kwetu alama ilikuwepo, mashamba ya watu yalikuwa yanaonekana wazi. Tatizo lilikuwa anayeamua hakai pale. Hilo muliweke kwenye hesabu yenu.

Binti Chemba

Shikamoo babu wa Kongwa, na asante mtoa mada.

Mimi naleta la kwetu. Mwaka 2016 huohuo mnaousifia kwa makao makuu, sisi tulikuwa tunazika. Mwaka huo watu 68 waliugua Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Watoto walikuwa wengi. Tumbo linajaa, miguu inavimba, macho yanakuwa ya njano, mtu anatapika. Familia nzima inaweza kuugua, na wa jirani wakawa wazima. Unafikiri watu walisemaje? Walisema wamerogwa. Ndugu walinuniana, wengine hawajapatana mpaka leo.

Ilikuwa sumukuvu. Mahindi.

Jinsi sumu hii ilivyo ndiyo inayohusu mada yako. Anayekula mahindi Julai hali kosa la Julai. Ukungu uliingia wakati wa kuvuna na kukausha. Mahindi yameteseka na ukame shambani, wadudu wameyatoboa, yakavunwa, yakamwagwa chini kwenye udongo mtupu, umande wa usiku ukayapata, yakafungwa kwenye gunia kabla hayajakauka vizuri. Siku hiyo ya kumwaga chini ndiyo siku yenyewe. Siku hiyo hakuna anayeumwa, watoto wanacheza juu ya mahindi, mama anafurahi mavuno yameingia. Ukija kuona macho ya njano, hakuna cha kupika kikaiondoa sumu. Moto wa ugali hauiui.

Mimi ni ofisa ugani, kwa hiyo kazi yangu ni kumshawishi mtu afanye kitu siku ambayo haoni sababu. Mahindi juu ya turubai au kichanja, yasiguse ardhi. Ng'ata punje, ikivunjika kwa mlio ndipo ufunge gunia. Yaliyooza na kubadilika rangi yatoe, na usimpe kuku wala mtoto. Kijiji kilichozika kinanisikiliza mara moja. Kijiji cha pili yake, ambacho hakikuzika, kinanisikiliza kwa adabu halafu mahindi yanamwagwa chini vilevile. Nalia na hicho kijiji cha pili.

Mgeni wa Jiji

Mada nzuri sana wakuu. Mimi nimehamia juzi kikazi, natafuta kiwanja upande wa kaskazini, Msalato au Veyula. Naomba ushauri nisije nikawa wa "laiti ningejua".

Mtoa mada

Mgeni, karibu Dodoma. Nitakujibu, maana umeingia mlango uleule niliotaka kupita.

Babu wa Kongwa, shikamoo. Binti Chemba, hicho kijiji cha pili ndicho nilichokuwa nakitafuta kukieleza na wewe umekisema vizuri kuliko mimi.

Langu ni maji. Dodoma yote mnayoiona, na wizara zake Mtumba, kwa sehemu kubwa inakunywa maji ya chini ya ardhi kutoka bonde la Makutupora, visima vya Mzakwe. Hilo kila mtu anajua. Lisilojulikana sana ni namna bonde lenyewe linavyojaa.

Kina cha maji ya visima vile kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na ni moja ya kumbukumbu ndefu za namna hiyo katika Afrika nzima ya tropiki. Watafiti waliichambua kumbukumbu ya miaka 55, wakatoa matokeo 2013. Walichokikuta ni kwamba mvua ya kawaida ya Dodoma haijazi bonde. Mwaka wa mvua nzuri tu, ambao mkulima anashukuru na mtama unakomaa, maji ya chini yanaendelea kushuka. Yanapanda kwenye misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, halafu yanashuka miaka mingi hadi msimu mwingine wa namna hiyo. Ule wa 1997/98, mvua za El Niño, ndio uliopandisha kuliko yote.

Fikirini tuliichukuliaje ile mvua. Reli na barabara zilikatika, tembe zilidondoka, mifugo ilikufa. Tunaikumbuka kama balaa, na kwa waliopoteza watu ilikuwa balaa kweli. Lakini maji yaliyozama msimu ule ndiyo mji ulikuja kuyanywa miaka mingi baadaye. Hakuna aliyesimama wakati ule akasema leo ghala linajaa. Lilijulikana kwa watu waliokuwa wakishusha kipimo kisimani.

Na yanazama wapi? Si kila mahali. Sehemu kubwa inapita kwenye mikondo ya mchanga ya mito ya msimu, Kinyasungwe Ndogo na vijito vyake. Ile mito ambayo Agosti unavuka kwa miguu, mbuzi wamelala katikati, na mtu mgeni anadhani ni uwanja wazi usio na mwenyewe. Pale ndipo mlango ulipo.

Sasa mji unakua kuelekea huko, uwanja wa ndege wa Msalato uko huko, na kila nyumba inataka mchanga. Mradi wa bwawa la Farkwa unatajwa, maji ya Ziwa Victoria yanatajwa, yote ni mazuri na yaje. Hata yakija, bonde hili ndilo lililo karibu na ndilo tulilopewa bila bomba refu. Tukijenga juu ya mikondo ile na kuukomba mchanga wake, hakuna kitakachoonekana mwaka huu. Wala mwaka ujao. Itakuja mvua kubwa kama ya 1998, maji yatapita juu yatakwenda zake, na tutajua baada ya miaka kadhaa kwamba ghala halikujaa safari hii. Ya kurudisha mvua ile hakuna.

Hii naisema kwa uchungu. Kiwanja ukikikosa utapanga.

Mkazi wa Makutupora

Mtoa mada unayoyasema tunayaona. Mimi ni mfugaji, nanyweshea kwenye madimbwi ya kuchimba mtoni. Zamani kiangazi unachimba mchanga kwa bakuli, unafika kwenye unyevu haraka, maji yanajikusanya meupe kabisa. Sasa sehemu ambazo malori yamechota mchanga umebaki udongo mgumu. Hapo uchimbe unavyotaka, hakuna kitu. Upande ambao malori hayafiki, mchanga bado upo na mbuzi wananywa. Ni mto uleule, hatua chache tu.

Tukisema, tunaambiwa mchanga ni ajira ya vijana. Ni kweli ni ajira, wangu mmoja yumo. Tufanyeje?

Mwana Hombolo

Hapo nimenyamaza. Mimi nilikuwa nabisha habari ya viwanja, hili la mchanga ni jingine. Swali kwa wanaojua sheria: kijiji kina meno yoyote?

Mtoa mada

Mwana Hombolo, inategemea uko wapi. Kwenye vijiji vya Chamwino, Bahi, Chemba, Kongwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu kubwa. Mkikubaliana kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kwamba mkondo wa mto ni eneo la pamoja, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu kirahisi. Muhimu liandikwe kwenye muhtasari na lichorwe kwenye ramani ya kijiji. Ndani ya jiji tuna mitaa, hakuna kijiji, kwa hiyo ni mipango miji. Mahali pa kuupigania mkondo ni pale mchoro wa upimaji unapoletwa kwa wananchi, kabla bikoni hazijawekwa. Mikutano hiyo watu hawaendi. Nendeni.

Mkazi wa Makutupora, mzee wangu, kuhusu kijana wako: asiache kazi, ila maeneo ya kuchota yanaweza kuchaguliwa. Yako maeneo ya mchanga nje ya mikondo inayolisha bonde. Mtendaji wa kata na ofisi ya maji ya bonde wakitakiwa kwa barua ya wananchi kuonyesha wapi pachotwe na wapi pasichotwe, ni vigumu kukataa kujibu. Kuandika barua nitasaidia, niandikie pembeni. Unayoyaona pande mbili za mto yapigie picha kiangazi hiki, sehemu ileile, na upige tena mwakani.

Mgeni wa Jiji, zamu yako. Usikague kiwanja mwezi wa nane. Nenda Januari au Februari mvua ikiwa imenyesha usiku, uone maji yanapita wapi asubuhi. Muulize mama mkazi wa hapo, siyo dalali, maji ya 1998 yalifika wapi. Atakuonyesha kwa kidole mti au mwamba. Halafu kabla hujatoa shilingi, peleka namba ya kiwanja Halmashauri ya Jiji wakuonyeshe mchoro, uangalie kama pembeni pameandikwa eneo la wazi au mkondo. Kama dalali anakuharakisha umalize wiki hii, rudi nyumbani. Hivyo vya Msalato ulivyoonyeshwa viko upande wa juu wa barabara au wa chini?